MJADALA: Njia ya bahari ya kwenda India, sifa ni ya Vasco da Gama au ya rubani wa Malindi?

Mwanzisha mada: Nguzo ya baharia Mreno Vasco da Gama bado imesimama Malindi na shuleni tunakaririshwa kwamba ndiye aliyeipata njia. Njia ipi? Vyombo vilikuwa vikienda na kurudi kati ya pwani yetu na India karne nyingi kabla yake. Sultani wa Malindi alimpa rubani, akang'oa nanga 24 Aprili 1498, akatia nanga karibu na Calicut, bandari ya India, 20 Mei.

Tanga Mraba: Unaanza hesabu Malindi kana kwamba alishushwa na mvua. Ukiambaa pwani ya Afrika kuelekea kusini, pepo na mkondo wa Benguela vinakupiga usoni. Gama alipotoka visiwa vya Cabo Verde, Agosti 1497, aliiacha pwani, akakata Atlantiki kwa tao kubwa hadi akazipata pepo za magharibi, ndipo akaelekeza omo, yaani mbele ya meli, mashariki. Miezi mitatu hawakuona nchi kavu. Kusini mwa ikweta Nyota ya Kaskazini haionekani, kwa hiyo walipima jua la adhuhuri kwa astrolabu, kifaa cha kupimia kimo cha jua angani, na kusoma majedwali ya jua ili wajue walipo. Meli ikiyumba kipimo hakishiki, ndiyo maana walipofika St Helena Bay, ghuba ya Afrika Kusini, walishuka kupimia jua ufukweni. Hakuna rubani wa Malindi aliyewafundisha hayo.

Kusi na Kaskazi: Atlantiki chukua, ni yao. Ila linganisha kuvuka na kurudi. Walipokwenda, rubani aliwatoa upepo wa kusi, unaopeleka vyombo India, ukianza, kabla bahari haijachafuka. Juni na Julai bandari za Malabar, pwani ile ya India, haziingiliki. Walivuka kwa siku 26. Kurudi, Gama aliondoka Anjediva, kisiwa cha pwani ya India, 5 Oktoba bila kungoja kaskazi, upepo wa kurudi Afrika, ishike. Shwari, pepo za mbisho, kisha shwari tena. Pwani ya Afrika waliiona 2 Januari 1499. Kiseyeye, ugonjwa wa kukosa matunda na mboga, kiliua watu kama 30, fizi zikavimba hadi hawawezi kula. Walipofika Malindi wakaomba machungwa. Mbele kidogo, upande wa Tanga, waliichoma meli yao moja, São Rafael, kwa sababu mabaharia waliobaki hawakutosha meli tatu. Bahari ileile, meli zilezile. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia "subirini".

Mpita njia: Rubani ni Ibn Majid, yule nahodha Mwarabu maarufu, mbona hamtaji?

Kusi na Kaskazi: Kwa sababu ushahidi ni dhaifu. Habari hiyo ni ya mwanahistoria al-Nahrawali, aliyeandika Makka miongo mingi baadaye. Barros, mwanahistoria Mreno, anasema rubani alikuwa Mwislamu wa Gujarat.

Mwanzisha mada: Na tusisahau biashara. Zawadi alizoandaa kwa mfalme wa Calicut: vitambaa 12, kofia 6, mabeseni 6, sukari, mafuta na asali. Maofisa wa mfalme walicheka. Walisema mfanyabiashara maskini wa Makka angeleta zaidi. Kwa bidhaa hizo Wareno wasingeweza kushindana na yeyote. Walichokuja nacho kipya ni mizinga: Kilwa na Mombasa zikaporwa na Wareno 1505, kisha kikaja cartaz, kibali chao cha kusafiri baharini, na chombo kisicho nacho kilitekwa. Mtepe, chombo cha pwani yetu, mbao zake zikiwa zimeshonwa kwa kamba za nazi, haukujengwa kuhimili kishindo cha mzinga.

Tanga Mraba: Hilo silipingi, lakini hiyo ni hoja ya utawala. Swali lilikuwa njia, na kutoka Lisbon hadi Malindi bado hujamtaja rubani hata mmoja.

Kusi na Kaskazi: Msumbiji, Machi 1498. Gama alichukua marubani pale, nao wakamtoroka Mombasa.