Washiriki 5 kati ya 12 hawafikishi vigezo vya VO2max: niwatoe kwenye tasnifu au niwabakize?

Uzamili_Mwaka_wa_Pili

Wakuu, habari za kazi. Nafanya tasnifu ya uzamili ya sayansi ya mazoezi. Utafiti wenyewe ni wa wiki 8 za mazoezi ya vipindi vikali, na VO2max (kiwango cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia kwa dakika) inapimwa kabla na baada. Awamu ya kwanza ya vipimo imekwisha, mazoezi hayajaanza. Washiriki ni 12, wote kwenye baiskeli ya maabara: dakika 4 za kupasha mwili kwa wati 100, kisha mzigo unapanda wati 25 kila dakika mpaka mtu ashindwe. Gesi zinapimwa pumzi kwa pumzi kwa barakoa.

Shida ni kwamba washiriki 5 hawaonyeshi kabisa ule mstari wa oksijeni kulala mwishoni (oksijeni kuacha kupanda ingawa mzigo unapanda), ingawa RER zao (kaboni dioksidi inayotoka ikigawanywa kwa oksijeni inayotumika; ikiwa juu huchukuliwa kuwa dalili ya kujitoa) zinafika 1.22 hadi 1.28. Msimamizi anashauri niwatoe. Ila kuna jambo linanikera: wote watano walipimwa alasiri. Nikiangalia dakika ya mwisho ya kupasha mwili, waliopimwa asubuhi wana wastani wa VO2 (oksijeni inayotumika) lita 1.58 kwa dakika na RER 0.87. Wa alasiri wana lita 1.43 na RER 0.96. Uzito wao unakaribiana, karibu kilo 70, na ujazo wa hewa wanayotoa kwa dakika hautofautiani. Kifaa hukalibretiwa (husawazishwa kwa gesi inayojulikana) mara moja tu, saa 2 asubuhi.

Niwatoe? Na kama siwatoi, data hii naitumiaje?

---

Silinda_na_Sindano

Usimtoe mtu bado. Chukua kikokotoo uzidishe: 1.58 kwa 0.87 ni 1.37. Halafu 1.43 kwa 0.96. Nayo ni 1.37. Yaani kaboni dioksidi inayotoka ni ileile asubuhi na alasiri, hewa ni ileile, ila oksijeni peke yake imeshuka kwa karibu 10%. Miili ya watu haifanyi hivyo kwa kubadilisha saa ya siku. Hiyo ni sensa ya oksijeni.

Angalia jinsi makosa yanavyotofautiana, maana kila moja lina alama yake. Barakoa ikivuja pembeni ya pua, hewa inapotea kabla ya kupimwa, hivyo VO2 na VCO2 (kaboni dioksidi inayotoka) hushuka pamoja na RER hubaki palepale. Mshiriki akiwa na wasiwasi akapumua kupita mahitaji, kaboni dioksidi hutoka kwa wingi, RER hupanda, na hewa kwa dakika hupanda pia, lakini VO2 haiguswi sana. Sensa ya oksijeni ikihama, VO2 huhama peke yake na kuiburuta RER. Ya kwako ni hii ya tatu.

Ushahidi mwingine ni wati 100 zenyewe. Kanuni ya kawaida ya baiskeli ni 10.8 mara wati, gawanya kwa uzito, ongeza 7. Kwa kilo 70 unapata 22.4 ml kwa kilo kwa dakika, yaani lita 1.57. Asubuhi umepata 1.58. Gharama ya oksijeni ya kukanyaga baiskeli kwa mzigo mdogo haitofautiani sana kati ya mtu na mtu, ndiyo maana mzigo huo unafaa kuwa shahidi.

Sasa ona hatari yake kileleni. Tuseme mtu anatoa lita 100 za hewa kwa dakika, zikiwa zimeshageuzwa kuwa STPD (nyuzi 0, 760 mmHg, bila mvuke), oksijeni 17.20% na kaboni dioksidi 4.10%. Naitrojeni ni 78.70%. Hewa iliyoingia ni 100 × 78.70 ÷ 79.04 (asilimia ya naitrojeni kwenye hewa ya kawaida), sawa na lita 99.57. Oksijeni iliyoingia ni 20.93% ya hiyo, lita 20.84, ondoa 17.20, VO2 ni lita 3.64. RER ni 1.12.

Sasa sensa isome 17.30 badala ya 17.20. Ni kosa la 0.1 tu. VO2 inakuwa lita 3.51 na RER 1.16. Umepoteza 3.5% ya VO2, na papo hapo RER imepanda kumfanya mtu aonekane amejitoa zaidi. Kwa tofauti uliyonayo wewe, sensa imehama karibu 0.3. RER za 1.28 ulizoziona zisikutie moyo. Zimetokana na kosa hilohilo lililoshusha VO2.

Fanya hivi kesho. Washa kifaa angalau nusu saa kabla, kalibreti kama kawaida, usimweke mtu. Kisha kila dakika 20 kwa saa 2 fungua silinda ya gesi ya kusawazishia na uandike inachosoma, pamoja na joto la chumba. Usitegemee hewa ya chumba peke yake, kwa sababu kifaa kinaweza kusoma 20.93 sawasawa huku kikikosea chini kwenye 16 na 17, eneo ambalo pumzi za watu zinaangukia. Sindano ya lita 3 (bomba la kukagulia kipimo cha ujazo wa hewa) nayo ipitishe kwa kasi tatu: polepole, wastani na haraka. Ikitoka nje ya 3% kwenye kasi yoyote, shughulikia turbini (kipima mtiririko wa hewa) kwanza.

---

Kilele_Halisi

Naunga mkono hapo juu, nami niseme juu ya mstari wa kulala, kwa sababu hata sensa ikitengenezwa swali hili litarudi mbele ya watahini.

Kigezo cha mstari kulala kilichozoeleka kilitoka kwa Taylor na wenzake mwaka 1955. Wao walitumia mashine ya kukimbilia na mizigo iliyotenganishwa, mwinuko ukiongezeka 2.5% kila mara, na wakasema kilele kimefikiwa kama VO2 imeongezeka chini ya 150 ml kwa dakika. Nambari hiyo ilikadiriwa kwa ukubwa wa hatua zao. Kuihamishia kwenye baiskeli inayopanda wati 25 kwa dakika ni kukopa kipimo cha nguo ya mtu mwingine. Watu wengi walioishiwa nguvu kwelikweli hawaonyeshi mstari kulala kwenye mzigo unaopanda mfululizo. Ukiwatoa, unabaki na kundi la wale wanaovumilia maumivu ya mwisho kwa sekunde 30 zaidi, na hilo ni kundi la aina yake.

Vigezo vya kusaidia navyo ni dhaifu. RER ya 1.10 wengine huivuka wakiwa bado na dakika kadhaa mbele yao. Mapigo ya moyo ya 220 kutoa umri yana mtawanyiko wa mapigo 10 hadi 12 kila upande, kwa hiyo mtu wa miaka 25 mwenye kilele cha 183 anaweza kuwa amemaliza kila kitu.

Kinachosimama vizuri zaidi ni kipimo cha kuthibitisha. Mshiriki akimaliza, mpe dakika 10 za kukanyaga taratibu au kukaa, kisha mpandishe moja kwa moja kwenye 110% ya wati alizoishia na aende mpaka ashindwe. Akiishia wati 280, unampa 308. Mwache apate dakika 1 ya mzigo wa kati kabla, vinginevyo miguu inakwama na VO2 haipati muda wa kupanda. Kama kilele cha pili kiko ndani ya 3% ya cha kwanza, umepata VO2max bila kuhitaji mstari kulala. Kikizidi kwa zaidi ya hapo, kipimo cha kwanza hakikufika. Akishindwa chini ya dakika moja na nusu, mzigo ulikuwa mkubwa mno. Rudia siku nyingine kwa 105%.

Mambo mawili ambayo hukuyataja. Je, wote wanapanda wati 25? Lenga kipimo kidumu dakika 8 hadi 12 bila kuhesabu kupasha mwili: kadiria wati za mwisho, toa wati za kuanzia, gawanya kwa 10. Anayetarajiwa kuishia 250 akianzia 100 anahitaji wati 15 kwa dakika. Kwa 25 anamalizwa na mapaja ndani ya dakika 6, kabla moyo haujafika. Kasi utakayompa mtu mwanzoni ndiyo utakayompa baada ya wiki 8, hata kama ameimarika.

La pili ni wastani. Pumzi kwa pumzi ina kelele nyingi; ukichukua pumzi moja ya juu kabisa unaokota kikohozi. Tumia wastani wa sekunde 30 kwa kila mtu, na uandike kwenye sura ya mbinu.

---

Hesabu_za_Alfajiri

Nijibu upande wa usanifu, kwani hapo naona shimo kubwa kuliko la sensa. Una kundi moja, kabla na baada. Hata kama vipimo vingekuwa safi, watu hukanyaga vizuri zaidi mara ya pili kwa sababu wamezoea barakoa na kiti. Utatenganishaje mazoea hayo na mazoezi? Kama kuna nafasi ya kundi linganishi, liweke. Kama hakuna, angalau kila mtu apimwe mara mbili kabla ya kuanza, siku tofauti, saa ileile.

Vipimo hivyo viwili vitakupa pia kosa la kawaida la maabara yako, yaani kiasi ambacho kipimo hutofautiana bila mtu mwenyewe kubadilika. Chukua tofauti ya kila mtu kati ya kipimo cha kwanza na cha pili kwa asilimia, tafuta mkengeuko sanifu wa tofauti hizo, gawanya kwa mzizi wa 2. Tuseme unapata 3%. Basi badiliko la mtu mmoja lazima lizidi 1.96 × 1.41 × 3, yaani karibu 8%, ndipo useme kwa uhakika kwamba *yeye* amebadilika. Wanafunzi wengi huandika kuwa fulani “hakuitikia mazoezi” kwa sababu alipanda 2% tu. Kwa kosa la 3% sentensi hiyo haina msingi wowote.

Idadi nayo ipigie hesabu. Ukitarajia ongezeko la 5% na mkengeuko sanifu wa mabadiliko ukiwa 6%, kwa nafasi ya 80% ya kuliona: 7.84 (namba ya kudumu ya nafasi hiyo) × 36 ÷ 25 ni 11.3, ongeza watu wawili kwa sababu sampuli ni ndogo, unafika 13 au 14. Hiyo ni kwa kundi moja. Ukiweka kundi linganishi ni kama 24 kwa kila kundi, kabla hujaongeza wa kufidia watakaoacha katikati. Na uchambuzi uwe wa kulinganisha matokeo ya mwisho huku ukidhibiti kipimo cha mwanzo. Kufanya jaribio la t ndani ya kila kundi, kisha kusema “hili lina tofauti, lile halina”, ni kosa ambalo mtahini makini hatalipitisha.

Tahadhari moja: kuongeza kipimo cha kuthibitisha au ziara ya ziada ni kubadilisha utaratibu ulioidhinishwa. Peleka marekebisho kwa kamati ya maadili na fomu mpya ya ridhaa *kabla* ya kumwita mshiriki. Data iliyopatikana kabla ya kibali unaweza kukatazwa kuitumia.

---

Uzamili_Mwaka_wa_Pili

Nashukuruni sana. Nimefanya jaribio la silinda. Gesi ni 16.00% oksijeni na 4.00% kaboni dioksidi. Oksijeni imesoma 16.01, 16.05, 16.11, 16.18, 16.24, 16.29, mwisho 16.33. Kaboni dioksidi haikutoka nje ya 3.99 na 4.01. Chumba kilianza nyuzi 22 kikaishia 27. Naweza kurekebisha data za alasiri kwa kutoa 0.33?

---

Silinda_na_Sindano

Kazi safi. Mpando wako ni laini na unafuatana na joto, kwa hiyo mshukiwa wa kwanza ni joto kwenye seli ya oksijeni. Unyevu kwenye mrija wa sampuli ungekuja kwa kurukaruka baada ya kila mshiriki, na hapa hapakuwa na mshiriki. Seli iliyozeeka mara nyingi husoma chini na huchelewa kujibu. Muulize fundi tarehe ya kuwekwa kwake hata hivyo.

Kutoa 0.33 hapana. Hiyo ni namba ya leo, kwa joto la leo. Siku zile hukufungua silinda mwisho wa kazi, kwa hiyo kosa la kila mshiriki hulijui, na ukizirekebisha kwa namba moja utakuwa umetengeneza data. Marekebisho ya namna hiyo yanakubalika tu pale unapokuwa na usomaji wa silinda kabla na baada ya *kila* kipimo.

Mazoezi hayajaanza, na hiyo ni bahati yako. Omba kibali, kisha wapime upya wote 12, si watano tu, kwa utaratibu mmoja wenye kipimo cha kuthibitisha. Kila mtu apimwe saa ileile atakayopimwa baada ya wiki 8, akiwa hajafanya mazoezi mazito saa 24 zilizopita. Wale wa asubuhi watakuwa tayari wana vipimo viwili vya kufanyia ile hesabu ya kosa la kawaida, mradi kasi ya kupandisha mzigo haikubadilika kwao.

Kalibreti kabla ya kila mshiriki. Akishuka tu, fungua silinda tena na uandike. Oksijeni ikiwa imehama zaidi ya 0.05, kipimo hicho kitie alama palepale, ikizidi 0.10, kirudie siku nyingine. Barakoa ikaguliwe kabla ya kukanyaga: ziba mlango wa hewa kwa kiganja, mwambie apulize kidogo, zungusha vidole puani na kidevuni. Ukihisi upepo, badilisha saizi, usikaze mikanda.

Na mtu mmoja wa maabara akanyage wati 60, 100 na 150, dakika 5 kila mzigo, siku ileile kila wiki. Kila wati inapaswa kumgharimu karibu 10 ml za oksijeni kwa dakika. Siku namba zake zikihama kuliko kawaida yake, usipime mtu mwingine mpaka umejua kwa nini.