Naomba ushauri: insha ya George III, vyama vya Bunge na kupotea kwa makoloni ya Marekani

Mleta mada
Wakuu, habari za jioni. Naandika insha ya maneno 2,000: ni Mfalme George III au ni vyama vya siasa vya Uingereza vilivyochochea uasi wa makoloni 13? Nimevipanga vyama viwili: Tory upande wa mfalme, Whig upande wa Wamarekani. Mpango unakwama 1765: Sheria ya Stempu (kodi ya hati na karatasi za makoloni) ililetwa na Waziri Mkuu Grenville, naye vitabu vinamwita Whig. Nirekebishe vipi?

Karani wa Kale
Mkuu, futa huo mgawanyo kabisa. Vyama vya wakati ule havikuwa na kadi wala ilani, na karibu wakubwa wote wa miaka ya 1760 walijiita Whig. Panga kwa makundi: wafuasi wa kigogo fulani (Rockingham, Bedford, Grenville, Chatham), wabunge wanaoishi kwa vyeo vya serikali, halafu wabunge huru, wengi wao wenye mashamba.

Hao wa mwisho wakague sana, maana ndio waliokuwa wakilipa kodi ya ardhi. Mwaka 1767 waliungana na upinzani wakaishusha kutoka shilingi 4 hadi 3 kwa kila pauni, hazina ikapoteza takriban pauni 500,000. Mwaka huohuo Waziri wa Fedha Townshend akaleta ushuru wa kioo, madini ya risasi, karatasi, rangi na chai kwa makoloni. Ila usiandike kwamba ushuru huo ulikuwa wa kuziba pengo: ulitarajiwa kuleta kama pauni 40,000 tu. Shabaha yake ilikuwa kuwalipa magavana na mahakimu wa makoloni, wasitegemee tena mabaraza ya wenyeji kwa mshahara. Hapo ndipo Wamarekani walipoumia, zaidi ya bei ya karatasi.

Bi Wino
Naongezea kwa Karani. Usiwageuze watu wa Rockingham kuwa watetezi wa uhuru. Machi 1766, wakiwa serikalini, waliifuta Sheria ya Stempu, lakini papo hapo wakapitisha Sheria ya Tamko, inayosema Bunge lina haki ya kuyatungia makoloni sheria katika kila jambo. Ziweke zote mbili kwenye aya moja. Ukizitenganisha, msomaji hataelewa kwa nini ugomvi ulirudi.

Mfalme naye usimtwike yote. Mei 1769 baraza la mawaziri ndilo lililoamua kubakiza ushuru wa chai, peni 3 kwa ratili, kwa kura 5 dhidi ya 4, na Waziri Mkuu Grafton alikuwa miongoni mwa walioshindwa. Ukitaka kumbana George III, mbane kuanzia 1774: Novemba alimwandikia North, Waziri Mkuu wa wakati huo, kwamba mapigo ndiyo yatakayoamua. Baada ya hapo ukaidi wake una uzito kweli.

Mleta mada
Asanteni sana. Kwenye chai iliyotupwa baharini Boston mwaka 1773, niseme walikasirishwa na kupanda kwa bei?

Karani wa Kale
Hapana, ilishuka. Sheria ya Chai ya 1773 iliiruhusu Kampuni ya India Mashariki kuuza moja kwa moja kupitia mawakala wake, ili imalize shehena iliyoilemea. Kuinunua kulikuwa kukubali ushuru wa Bunge, na wafanyabiashara wa Boston wakawa wanarukwa. Yale makasha 342 yaliyotupwa yaelezee hivyo.

Mkwaju
Kwa sehemu ya mwisho tumia kura mbili. Aprili 1780, hoja ya mbunge Dunning kwamba nguvu ya Taji (mfalme na serikali yake) imeongezeka, inaongezeka na yapasa kupunguzwa: 233 kwa 215. Februari 1782, hoja ya mbunge Conway ya kuacha vita vya kushambulia Marekani: 234 kwa 215. Tarakimu karibu sawa, matokeo mbali kabisa. Ya kwanza North aliivuka, maana wingi ule ulimeguka ndani ya wiki chache, na ghasia za Gordon za Juni (fujo za kupinga Wakatoliki jijini London) zikawarudisha waoga upande wa serikali. Ya pili ilikuja baada ya Yorktown, ambako jeshi la Uingereza lilijisalimisha 1781, wabunge huru wameshachoka kulipia vita. North akajiuzulu tarehe 20 Machi, na mfalme akaandika rasimu ya kuachia kiti, ambayo hakuipeleka. Eleza hao wabunge huru walihama lini na kwa nini, swali lako litakuwa limejibiwa.