Tupeane uzoefu: Sola ya nyumbani kwa mfuko mdogo. Ulinunua nini, ulifunga vipi, na bado inawaka?

Mkulima wa Alizeti (Iramba, Singida)

Wakuu, salaam. Kwetu nguzo za REA (umeme vijijini) zimefika barabara kubwa, ila sisi tuliojenga mashambani tuko mbali na laini. Ile 27,000 ya kuunganishwa haitusaidii kama hakuna nguzo ya kuunganishia. Nimeamua kufunga sola: taa nne, TV ndogo, redio, na kuchaji simu za nyumbani.

Nimezunguka madukani Singida mjini na kila muuzaji ana lake. Mmoja anasema paneli ya wati 80 inatosha kabisa, mwingine ananipandisha hadi 200. Bei za dukani nitazipata mwenyewe. Ninachotaka ni kusikia kwa mtu aliyefunga na anaitumia, au iliyomfia na anajua ilikufa kwa nini. Tajeni na mahali mlipo, maana jua la Singida si la Makete.

Mwalimu wa Sengerema

Mkuu, kabla ya paneli chukua karatasi. Mimi ndivyo nilivyofanya na mfumo wangu umekaa vizuri, kwa hiyo nakupigia hesabu ya kwako.

Taa nne za LED za wati 5, saa tano kila usiku: wati-saa 100. TV ya inchi 24 inayotumia volti 12 inakula kama wati 25, ukiangalia saa nne ni 100 nyingine. King'amuzi wengi wanakisahau, na chenyewe kinakula kama wati 10, kwa hiyo weka 40. Redio 30. Simu tatu 30. Jumla ni wati-saa 300 kwa siku.

Sasa paneli. Wati zilizoandikwa mgongoni zimepimwa maabara, kwenye mwanga wa wati 1,000 kwa mita ya mraba na paneli yenyewe ikiwa na joto la nyuzi 25. Juu ya bati lako saa saba mchana paneli inafika nyuzi 60, na kila nyuzi moja inayozidi 25 inapunguza karibu asilimia 0.4. Ongeza vumbi, waya, na hasara ya betri yenyewe. Paneli ya wati 100, siku ya jua safi, itakuachia wati-saa 300 hivi za kutumia. Siku ya mawingu hazifiki. Kwa hiyo 80 itakulaza giza masika, 200 ni raha lakini si lazima. Chukua 150.

Betri ya ampea-saa 100 ya volti 12 ina wati-saa 1,200. Kama ni ya gel (betri ya risasi iliyozibwa, isiyoongezwa maji) usiitumie zaidi ya nusu, ndiyo idumu. Nusu hiyo ni 600, yaani usiku wako miwili hata kesho yake jua likigoma. Na ukinunua TV na king'amuzi vya volti 12 huhitaji inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa TANESCO. Inveta inakula umeme hata kama hujachomeka kitu.

Mama Duka (Tandahimba)

Naunga mkono mwalimu, ila hesabu zote hizo hazina maana kama paneli yenyewe ni ya uongo. Mimi niliuziwa "wati 150" yenye stika nzuri, taa za dukani zikawa zinazimika saa mbili usiku. Fundi wa kwanza alisema ninunue betri nyingine. Mpwa wangu anasoma umeme VETA, alipokuja likizo akaishusha, akageuza mgongo akasoma stika. Pale kuna namba mbili, Vmp na Imp, yaani volti na ampea za paneli ikitoa nguvu zake zote. Ukizizidisha lazima upate wati zilizotajwa. Ile yangu ilitoa chini ya 80. Walibadilisha namba kubwa ya juu wakasahau zile ndogo.

Wengine wanabadilisha zote, kwa hiyo nendeni na futi kamba. Alinieleza hivi: mita moja ya mraba jua kali inapokea kama wati 1,000, na paneli nzuri inageuza sehemu moja ya tano kuwa umeme, ni wati 200. Basi wati 150 haiwezi kutoka kwenye kitu chenye eneo chini sana ya robo tatu ya mita ya mraba. Ukikuta kimeenea kwapani, kiache.

Nilirudi dukani na risiti na mpwa wangu na testa yake, tukapima ampea mchana mbele ya wateja. Walinibadilishia siku hiyohiyo. Wadogo zangu, dai risiti iliyoandikwa wati, si "paneli moja" tu.

Fundi wa Ifakara

Naongea kama mtu ninayeitwa mara nyingi kurekebisha kazi za wengine. Kinachoua sola za watu wa kipato kidogo si paneli. Ni waya mwembamba na betri kunyonywa hadi tone la mwisho.

Waya kwanza. Paneli ya wati 150 inatoa kama ampea 8. Tuseme kutoka paani hadi betri ni mita 10. Umeme unakwenda na kurudi, hesabu mita 20. Waya wa milimita 1.5, ule wa taa za kawaida, utapoteza karibu volti 2 kwa umbali huo. Wengi wanasema si kitu, paneli ina volti 18. Lakini nimewaambia wateja wangu wapime mchana: paneli ikishika moto volti zinashuka hadi 16 hivi. Toa 2 za waya, zinabaki 14. Betri ya gel au ya maji inataka 14 na pointi zake ili ijae. Kwa hiyo kila siku inalala haijajaa, na betri ya risasi ikizoea kutojaa inaganda ndani na kufa kabla ya wakati. Mwenye nyumba analaumu betri, ananunua nyingine, nayo inakufa. Weka milimita 4 utapoteza robo tatu ya volti. Ukiweza, 6. Na sogeza betri karibu na paneli, mita zikipungua hela inabaki mfukoni.

Mwelekeo: Tanzania nzima iko kusini mwa Ikweta, paneli itazame kaskazini, mlalo wa nyuzi 10 hadi 15. Usiilaze kabisa hata kama bati limelala, vumbi litatuama na mvua haitaiosha. Iinue kutoka kwenye bati shubiri moja ili hewa ipite chini. Kisha kaa hapo uangalie kivuli kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Seli zimeungwa kwa mfululizo, kwa hiyo kivuli cha tawi au mlingoti wa antena kikifunika kipande kidogo kinavuta chini sehemu kubwa kuliko kile kipande chenyewe.

Kuunga: betri kwenye kontrola (kifaa kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri) kwanza, halafu paneli, mwisho taa. Kufungua ni kinyume chake. Kontrola inatakiwa ijue iko na betri ya volti ngapi kabla ya kupokea jua. Fyuzi iwe kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri. Na tafadhali msifunge sakiti breka ya umeme wa TANESCO kwenye paneli. Umeme wa sola ni DC, haubadili mwelekeo kila mara kama ule wa TANESCO, kwa hiyo cheche yake haizimiki yenyewe, breka ile inaweza kuungua badala ya kukata. Nimeziona zimeyeyuka.

Betri ya maji isiwekwe chumba cha kulala. Ikichajiwa inatoa gesi inayoshika moto. Na inaongezwa maji ya betri yaliyosafishwa, si ya kisima, wala si tindikali.

Wa Makunduchi

Kwa ndugu walio pwani: bolti na fremu za chuma cha kawaida msithubutu. Chumvi ya bahari inazila, na upepo wa kusi ukija paneli inaondoka na bati. Alumini na bolti zisizoshika kutu. Na viungio vya waya vifungwe vyema, kutu ya ndani huioni hadi taa ififie.

Mkulima wa Kitui

Mimi niko Kenya, nilianza na ile ya kulipia pole pole kwa simu. Sitaki kuiponda, wakati ule sikuwa na pesa ya kununua kila kitu kwa mara moja na watoto walikuwa wanasomea koroboi. Siku hela ikikosa, taa zinazimwa, lakini siku zingine zote wanasoma. Ila kabla ya kutia sahihi uliza jumla utakayokuwa umelipa mwisho, si ya kila siku. Uliza pia kama utakapomaliza betri ikichoka unaweza kuweka betri ya duka lolote. Yangu ilikataa, plagi zake ni za kampuni peke yake. Iliyofuata nilinunua vipande vyake, kimoja kila baada ya mavuno: paneli, kontrola, betri mwisho. Betri hainunuliwi mapema ikakaa, inaharibika ikiwa haichajiwi.

Mkazi wa Makete

Sisi huku ukungu unaweza kukaa siku nzima. Siku kama hiyo paneli inatoa sehemu ndogo sana ya uwezo wake, kwa hiyo tuliongeza paneli, hatukuongeza betri. Betri kubwa isiyojazwa ni mzigo tu. Nilipobadilisha gel niliweka lithiamu (ile ya fosfeti). Bei ni kubwa kweli, lakini unatumia asilimia 80 ya ujazo wake bila kuiumiza na inavumilia mizunguko zaidi ya 2,000. Hakikisha kontrola ina mpangilio wa lithiamu. Wa Kitulo kwenye barafu ya Juni na Julai waiweke ndani ya nyumba, haitakiwi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0.

Mkulima wa Alizeti

Asanteni sana, nimeandika yote kwenye daftari. Dukani hakuna hata mmoja aliyeniuliza habari ya king'amuzi wala umbali wa waya. Nabaki na swali moja. Jirani ana betri ya gari, N70, nzima, ananiachia kwa bei ya kutupa. Nianze nayo?

Fundi wa Ifakara

Kaka, betri ya gari ina sahani nyembamba, imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha injini inaijaza papo hapo. Ukiinyonya usiku kucha kila siku haitakaa. Kama bei ni ndogo kweli, ichukue kwa ajili ya taa tu, TV isubiri. Fungua mpangilio wa kontrola, iweke ikate mzigo kwenye volti 12, wasikuachie ile ya chini, kama 10.8, ambayo baadhi zinakuja nayo kutoka kiwandani. Na waya weka ule mnene tangu sasa, ili betri ya gel ikija ubadilishe betri peke yake.