Video haikubali kupelekwa mbele, inarudi sifuri (Django + gunicorn), msaada wakuu

zabibu_nyeusi
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada kabla sijaitupa hii laptop nje. Nipo hapa Ng'ong'ona, Dodoma, kuna mzee mmoja wa Mpunguzi nimemtengenezea kwa Django (ile ya Python ya kujengea saiti) mfumo wa kuuza masomo ya kupogoa mizabibu, mteja analipia afu anaingia na akaunti yake anaangalia. Video sijaziweka kwenye static (folda la wazi la saiti) maana zikiwa wazi akilipa mmoja kijiji kizima kinapata linki, kwa hiyo view (kodi inayojibu ombi la ukurasa) inacheki kama kalipa ndo inatoa faili kwa FileResponse ya Django. Somo la tatu ndo refu, dk 48, kama MB 310 hivi.

Sasa video inaanza freshi tu, ila mtu akivuta ule mstari wa chini aende dk ya 31, pale mzee anapohesabu macho ya tawi kabla hajakata (na wote wanapataka hapo hapo), inarudi sifuri. Kwenye iPhone haichezi kabisa, giza tupu. Afu juzi wateja watatu wameangalia kwa pamoja saiti nzima ikaganda, hata ukurasa wa kulogini haufunguki. Django inaendeshwa na gunicorn yenye worker 2 (ndo zinazojibu maombi ya wateja), mbele yake hakuna seva nyingine. Jana nimeshinda nabadilisha pleya za JavaScript, tatu zote yale yale.

koda_wa_kisasa
Pleya haina kosa mkuu, iache. Mtu akivuta ule mstari brauza inaiambia seva "nipe kuanzia baiti namba fulani", inatuma heda (mstari wa maelezo unaoambatana na ombi) hivi

`Range: bytes=162000000-`

seva inayojielewa inajibu 206 (namba ya "nakupa kipande") na kuambatanisha

`Content-Range: bytes 162000000-324817203/324817204`

yaani nakupa kuanzia hapa mpaka mwisho, na faili zima ni ukubwa huu. FileResponse ya Django haiangalii hiyo Range, inajibu 200 ("sawa, chukua") na faili lote toka mwanzo, basi brauza inaona huyu hajui kuruka, inarudi sifuri. iPhone ni mkali zaidi, Safari inaanza kwa kuomba bytes=0-1, baiti mbili tu za kupima, isipopewa 206 haihangaiki na wewe tena.

Kuganda nako ni hivi, worker ya kawaida ya gunicorn inahudumia mtu mmoja kwa wakati, mtu wa Hombolo mwenye mtandao wa kusuasua akishika video worker imefungwa naye. Wawili wakizishika zote mbili huyo wa tatu atalogini wapi. Angalia logi, kama utaona WORKER TIMEOUT ni zile sekunde 30 ambazo gunicorn inaisubiri worker zimeisha, ikauliwa katikati ya kazi.

mzee_wa_bando
Kwani si uweke YouTube unlisted umalize, unajitesa bure

zabibu_nyeusi
Mkuu unlisted ni linki, na linki inaishia kwenye grupu la WhatsApp la wakulima siku hiyo hiyo. Mzee ataninyonga.
@koda nimeangalia logi, WORKER TIMEOUT zipo kama utitiri. Kwa hiyo hiyo 206 niiandike mwenyewe kwenye view?

dada_terminal
Inawezekana ila usiandike mdogo wangu, utaishia kukosea baiti moja na worker bado zitashikwa. Weka nginx (seva ya wavuti) mbele, Django ifanye kazi ya mlinzi wa getini tu. Inacheki malipo, inarudisha jibu tupu lenye heda moja, nginx ikiiona inachukua faili yenyewe na mambo ya Range inayajua toka zamani. View yako iishie hivi

```
resp = HttpResponse(content_type="video/mp4")
resp["X-Accel-Redirect"] = "/siri/somo3.mp4"
return resp
```

na kwenye nginx

```
location /siri/ {
    internal;
    alias /srv/video/;
}
```

Hiyo internal ndo kufuli, mtu akiandika /siri/ kwenye brauza anapata 404 (haipo). Usisahau content_type, ukiiacha Django inasema ni text/html na nginx inaipitisha hivo hivo. Na mkwaju wa mwisho wa alias usiuache, mimi ulinila Jumamosi nzima.

Ukimaliza pima na curl, tia cookie (alama ya kulogini) ya mtu aliyelipa:

`curl -s -D - -o /dev/null -b "sessionid=..." -H "Range: bytes=0-1" anwani_yako`

Lazima uone 206 na Content-Length: 2. Ukiona 200 bado.

koda_wa_kisasa
Hapo dada kamaliza. Mi naongezea tu, kama video zimetoka moja kwa moja kwenye simu, ile fahirisi ya ndani ya mp4 (moov) mara nyingi inakaa mwishoni mwa faili, brauza inabidi ikaichukue kule ndo irudi kuanza. Ihamishie mbele:

`ffmpeg -i somo3.mp4 -c copy -movflags +faststart somo3_web.mp4`

Haigusi picha, inapanga upya tu, haichukui muda.

zabibu_nyeusi
Jamani!! Mwanzo nilikula 403 (hairuhusiwi), kumbe folda nilikuwa nimeliacha ndani ya /root, nginx haina ruhusa ya kuingia humo. Nimehamishia /srv/video, curl ikatoa 206, nikavuta mpaka dk ya 31 huyu hapa mzee na mkasi wake. Simu tano kwa pamoja na kulogini kunafunguka. iPhone ya dada yangu nayo inacheza.

Imebaki moja, kuna mteja wa Mpwapwa kwenye somo la tano anasikia sauti picha haoni.

dada_terminal
Hilo somo la tano si mlirekodi na simu nyingine? Itakuwa HEVC (aina ya kubana video), simu yake haiisomi. Hapo -c copy haisaidii, badilisha kabisa, `-c:v libx264 -pix_fmt yuv420p -c:a aac` na faststart yako ile ile. Iache usiku itachukua muda.