Mwandishi gani wa Kiswahili mnaona kapaishwa kuliko kazi zake? Mimi naanza na Shaaban Robert

MsomajiTabora
Wakuu habari za jioni. Naomba nisitukanwe maana najua jina ninalolitaja ni zito. Hivi kuna mwingine humu anayeona Shaaban Robert anasifiwa kuliko vitabu vyenyewe? Mwezi huu nimerudia riwaya yake ya Kusadikika nikiwa mtu mzima, hakuna mtihani hakuna mwalimu, nimekaa nayo mwenyewe jioni baada ya kazi, na nimefika mwisho nimechoka. Karama yuko mbele ya mfalme anajitetea, anasimulia habari za wale wajumbe sita, huyu katumwa mashariki, huyu kusini, mwingine mpaka mbinguni, kila mmoja anarudi na jambo la kuifaa nchi halafu anatupwa gerezani, sasa ukishamsoma wa pili yule wa tatu unamjua kabla hajafunga safari. Halafu majina. Mshtaki anaitwa Majivuno. Ukienda kwenye kitabu chake kingine, Adili na Nduguze, wale ndugu wabaya ni Hasidi na Mwivu, sasa mimi msomaji nimeachiwa nini cha kugundua?

Kinachoniuma ni kwamba kila nikisema hivi najibiwa sijui fasihi, mazungumzo yanaishia hapo. Basi nielewesheni. Na kama una wako mtaje ila useme sababu.

BintiPangani
Ndugu yangu hujakosea kuuliza. Mimi ni mtu wa Tanga kwa hiyo huyu mzee kwetu ni kama wa nyumbani, ila kwenye wale wajumbe nakubali, hata mimi nilikuwa naruka kurasa. Lakini angalia mwaka. Kusadikika imetoka 1951, Tanganyika iko chini ya Mwingereza, na aliyeandika ni karani wa serikali hiyohiyo. Kosa la Karama ni lipi? Kufundisha watu sheria. Yaani mtu anakula mshahara wa mkoloni halafu anaandika kitabu kizima cha mshtakiwa anayewaambia wakubwa usoni kwamba wanafunga watu bila kuwasikiliza, angeiweka Korogwe unadhani ingechapwa? Ile nchi ya Kusadikika aliyoiweka angani ndiyo iliyompa nafasi ya kusema.

Ila kwangu mimi ukubwa wake hauko hapo kabisa. Tafuta Wasifu wa Siti binti Saad. Mwanamke wa Fumba, mtoto wa watu maskini, alikuwa anauza vyungu, baadaye anafika Bombay 1928 kurekodi nyimbo kwa Kiswahili, na Shaaban anamwandika kwa heshima ambayo wanaume wengi wa wakati ule hawakuwa nayo kwa mwanamke mwimbaji. Halafu soma lile shairi la Amina, mkewe aliyefariki. Hakuna Majivuno wala Hasidi mle, kuna mwanamume amefiwa. Mama yangu alikuwa nalo kichwani lote na hakusoma zaidi ya darasa la saba.

Mwl_wa_Zamu
Naomba niongee kama mwalimu maana hili linanikera kila mwaka. Nimefundisha Kufikirika ya huyuhuyu Shaaban Robert kidato cha tano na sita kwa miaka kadhaa na nawaambia ukweli, wengi hawaisomi, wanasoma uchambuzi. Kuna vile vijitabu vya maswali na majibu, dhamira zimepangwa, fani imepangwa, mwanafunzi anakariri kwamba mwandishi amefanikiwa kwa kiasi kikubwa kifani na kimaudhui, anaandika, anapata maksi, basi. Sasa huyo akikua atamsifu Shaaban Robert maisha yake yote na hajawahi kubishana naye hata siku moja. Sifa za namna hiyo hazimsaidii mwandishi, zinamgeuza sanamu. Mwaka jana nilijaribu kitu kingine, nikafunga vitabu vya uchambuzi kabatini wiki mbili tukasoma kwa sauti darasani, kijana mmoja akasimama akasema mwalimu huyu mzee anahubiri sana. Nilifurahi mno. Tukabishana kipindi kizima na kengele ikalia hakuna aliyetoka.

Kitale_Msomi
Salamu kutoka Kenya jamani. Mimi wangu ni mwandishi wetu Ken Walibora, na naomba nieleweke, nilimpenda sana na alipofariki 2020 niliumia. Riwaya yake Siku Njema niliisoma nikiwa kidato cha pili, Kongowea anatoka Tanga anamtafuta babake hadi huku kwetu Kitale, nilikuwa naisoma nikitembea barabarani. Lakini ile iliyokuwa setibuku, yaani kitabu cha mtihani shuleni, Kidagaa Kimemwozea, hiyo ndiyo watu wanaipandisha juu zaidi na mimi siioni. Misemo imejaa hadi wahusika wote wanaongea sauti moja, mtoto na mzee na mtemi. Na hapo Tabora umenifumbua macho na hayo majina, kwa sababu humo pia kuna Amani, Imani, mtemi anaitwa Nasaba Bora. Ni uleule urithi wa Shaaban Robert. Kwa hivyo labda tatizo si yeye, ni sisi tuliomfuata miaka 60 baadaye wakati hatukuwa na mkoloni wa kumficha kitu.

NgomaYaZiwa
Mi naenda kwa Euphrase Kezilahabi msinipige. Riwaya zake Rosa Mistika na Kichwamaji sina neno, pale kuna watu wa kweli, Ukerewe unaisikia kabisa, na ndiyo maana Rosa ilikatazwa mashuleni. Ila Nagona nimeianza mara tatu. Kijitabu chembamba, njozi juu ya njozi, na wasomi wa chuo wanaizungumza kama msahafu. Wakati huohuo Musiba, mwandishi wa riwaya za kijasusi aliyefanya vijana wa miaka ya 70 na 80 wasome Kiswahili usiku kucha na jasusi wake Willy Gamba, hatajwi kwenye kongamano lolote nililowahi kuhudhuria. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

MsomajiTabora
Asanteni sana, sikutegemea majibu ya namna hii. Dada BintiPangani, hilo la karani wa serikali kuandika kesi ya namna ile sikuwahi kulifikiria, nimerudi kwenye hotuba ya Karama jana usiku na safari hii nimeisoma kama maneno ya mtu anayejua bosi wake anaweza kuisoma. Imebadilika. Wajumbe bado wamenishinda, hapo sijasogea. Mwalimu, yule kijana wako mpe pole na hongera, mimi darasani nisingethubutu.

Shairi la Amina mke wangu alinisomea, tukakaa kimya. Sasa Wasifu wa Siti nimeuliza maduka mawili hapa Tabora hawana, wana vile vya mtihani tu. Kuna anayejua naweza kukiagiza wapi kikanifikia kwa basi?