Mkufu mmoja, nguo za aina tatu: nikate, niunge au niache?

Binti wa Tukuyu
Habari za jioni wapendwa. Nina mkufu wa dhahabu alionipa mama nilipoolewa, una muhuri wa 750 karibu na ndoano, urefu inchi 18. Kwa blauzi za ofisini unalala vizuri kabisa kwenye mtulinga. Shida ni nguo nyingine. Hapa Mbeya Juni ikishaingia mimi ni sweta la kaba shingo tu, na mkufu nusu unajificha, nusu unachungulia. Halafu kuna sendofu ya mdogo wangu Makambako, sare ni kitenge cha maua makubwa, gauni lina shingo ya V iliyoshuka. Mkufu unaishia juu huko, chini yake kunabaki peupe. Sonara mmoja ameniambia aukate, aunge kipande katikati. Roho inasita. Na tafadhali msiniambie ninunue mwingine, hela imeishia kwenye michango.

Mama Cherehani, Mwanjelwa
Mwanangu, usikate. Mimi nashona tu, si sonara, lakini nguo ya sherehe siimalizi mpaka mteja aje na vito vyake, kwa sababu shingo ya gauni na mkufu ni kazi moja. Huyo fundi wako alikata V bila kuuliza utavaa nini, ndiyo maana.

Angalia kwanza vipete vya mkufu. Kama ni vya mviringo vilivyoshikana kimoja kimoja, ndoano inaingia popote. Ukiutaka wa inchi 16, ingiza ndoano inchi mbili kabla ya mwisho, mkia uuache mgongoni ndani ya nguo. Kama ni ile cheni bapa inayolala kwenye ngozi, usithubutu, ikishapinda imepinda.

Kurefusha ni rahisi zaidi. Tafuta kicheni cha kuongezea, ndoano upande mmoja, kipete upande wa pili. Cha inchi 6 kitakufikisha 24, hapo V yako imepata mwenzake. Kinakaa kisogoni, kwa hiyo kama unaachia nywele hakuna atakayejua ni cha dhahabu au cha bandia. Ukibana nywele juu, au kama umenyoa, watu wa meza ya nyuma wote watakiona. Huo muhuri wako wa 750 maana yake ni karati 18, kwa hiyo hapo agiza cha karati hiyo hiyo. Ya karati 9 ina dhahabu asilimia 37.5 tu dhidi ya 75, ukiiweka jirani inaonekana imepauka.

Sweta: vaa mkufu juu yake, na kicheni hicho hicho cha kuongezea, ushuke kifuani. Ila kama una kidani chenye jiwe lililoshikwa kwa kucha, vile vijino vya pembeni, kivue. Kucha zinanasa nyuzi, zinainuka taratibu, siku moja unaangalia hivi, jiwe halipo.

Ila kitenge cha maua makubwa kinameza mkufu mwembamba, hata ukiurefusha. Ningekuwa wewe ningevaa hereni kubwa, shingo nikaiacha tupu.

Wa Kihesa
Kamwene! Mama namheshimu, ila mkufu wa mama mzazi hauachwi kabatini siku ya sendofu. Mama mwenyewe si atakuwepo? Atauliza mbele ya mashangazi. Mwambie fundi azungushie hiyo V ukanda mpana wa rangi moja, uchague rangi iliyoiva kutoka kwenye kitenge chenyewe, bluu ya giza au kahawia. Dhahabu ikikaa karibu na kitambaa kisicho na maua inaonekana. Hereni ziwe vipini vidogo tu, visigombane na kilemba.

Mama Cherehani, Mwanjelwa
Ukanda sawa, hilo nimekubali. Sentimita tano zinatosha. Mashangazi sikuwafikiria.

Binti wa Tukuyu
Ndaga fijo mama, na wewe wa Kihesa. Vipete ni vya mviringo, nimejaribu sasa hivi, ndoano inaingia. Sasa mniambie na pete ya ndoa: asubuhi za baridi inazunguka kidoleni, nikiosha vyombo inataka kutoka na povu. Sonara yule yule anasema aipunguze.

Mama Cherehani, Mwanjelwa
Huyo sonara anapenda sana msumeno. Baridi inasinyaa vidole, Oktoba joto likirudi pete iliyopunguzwa utaivua kwa mafuta ya kupikia. Mwambie achomelee vidoti viwili vya dhahabu upande wa ndani, chini kule kiganjani. Vinaishikilia, na vikikukera vinasuguliwa vinaisha. Kaa hapo hapo wakati anafanya, na pete ipimwe kwenye mzani kabla na baada. Uzito unatakiwa uongezeke.