Naomba ushauri: kibao cha namba cha polisi wa jimbo, ni cha kweli au nimepigwa?

Habari zenu wakuu. Naishi Pennsylvania, Marekani. Jumamosi nilinunua kibao cha namba kwenye mnada wa vitu vya kale. Muuzaji anaapa kilikuwa cha gari la polisi wa jimbo miaka ya 1930. Nimetoa dola 60, mke wangu kaninunia mpaka leo.

Kikosi chenyewe kilianzishwa 1905, kwa hiyo umri huo unawezekana. Lakini nimekipima: inchi 6 kwa 12 kamili, na kipimo hicho majimbo na watengenezaji magari walikubaliana 1956. Tena namba za raia enzi zile zilibadilishwa kila mwaka, mwaka wenyewe ukigongwa kwenye bati. Changu hakina mwaka popote. Matundu ya skrubu hayana kutu hata chembe, ila rangi ya pembeni imechubuka vizuri mno, kama mtu kapitisha msasa.

Wazoefu, za polisi nazo ziligongwa mwaka? Nikikwangua rangi kidogo kwa nyuma nione bati, nitaharibu thamani? Na nikimrudia muuzaji, nianzie wapi bila kugombana?